Kutoa Dakika Kumi na Mbili

Jumapili, 3 Machi

Kikao cha familia kwa Mama. Waliohudhuria: Mama, Dada, Shemeji (mume wa Dada, fundi majokofu), mke wangu na mimi. Kitinda mimba wetu, dereva wa lori, alihudhuria kwa simu akiwa barabarani. Nusu ya maneno yake yalimezwa na injini.

Ajenda ni moja. Mama anahamia kwa Dada. Magoti yake hayaziwezi tena ngazi za nyumba hii. Ameandaliwa chumba kizuri, dirisha linaangalia mashariki. Lakini chumba kimoja hakiwezi kumeza nyumba ya vyumba vinne. Vitu viuzwe.

Dada akaanza kulia alipolitazama kabati la vyombo. Nikasimama na kutoa hotuba. Nilisema vitu ni vitu tu. Nilisema sisi si watu wa kulilia mbao na misumari. Nilisema mwenye kutaka kumbukumbu aiweke kichwani, huko haichukui nafasi. Hotuba safi! Nilipiga meza mara mbili. Shemeji alipiga makofi, nadhani kwa kejeli.

Nikajitolea kuuza kila kitu kwenye mnada wa mtandaoni. Shemeji akasema mbona hata yeye huuza huko. Nikamweleza tofauti. Yeye hupandisha kitu siku akikumbuka. Mimi nitapandisha kwa hesabu. Siri ya mnada ni saa ya kuufungua na saa ya kuufunga, mengine ni porojo. Dada akafuta machozi, akasema sawa, ila kitakachokosa mnunuzi nikibebe mwenyewe, yeye hataki takataka kwake. Tumekubaliana hivyo.

Kisha Mama akaonyesha ukutani kwa kidevu. Akauliza, na ile je?

Saa ya Baba. Wote tukaitazama, nayo ikaendelea kuongea. Mama akasema hana neno, iuzwe, mradi iende kwa mtu atakayeitia ufunguo kila Jumamosi. Isigeuzwe pambo. Alisema saa iliyosimama humfanya aone kama kuna mgonjwa ndani.

Wakanigeukia mimi, mwenye hotuba. Nikasema bila shaka, iuzwe. Sauti ilitoka nyembamba.

Kabla ya kuaga nilirekebisha saa yangu ya mkononi kama nifanyavyo kila Jumapili. Tazama saa ya Baba, toa dakika kumi na mbili. Baba aliiweka mbele mwaka Dada alipoanza shule, ili asichelewe hata mtoto mmoja wa nyumba ile. Hatukuchelewa. Tulifika geti likiwa bado limefungwa, tukakaa juu ya ukuta mfupi, magoti ya baridi, tukicheza vizibo vya soda. Kila mtu wa kwetu anajua: tazama, toa kumi na mbili. Wageni hawakujua. Ndiyo maana walikuwa wakiaga mapema, na Mama akibaki na sufuria nzima ya chai.

Nilipofika kituoni, basi la saa kumi na mbili na robo lilikuwa limeshaondoka. Tena! Dereva yule ana haraka zake. Nimeshaiandikia kampuni barua mbili. Hawajibu.

Jumatatu, 4 Machi

Meneja alinisubiri kwenye geti la kiwanda. Akasema nimechelewa dakika kumi na mbili. Nikamjibu kwa heshima kwamba saa ya getini inatangulia. Akasema ni ajabu, maana inatangulia kwangu tu, wenzangu wote inawasubiri.

Naijua hila hii. Mwajiri anasogeza mshale kidogo tu. Dakika kumi na mbili mara wafanyakazi sitini ni saa kumi na mbili za jasho letu, kila siku! Sikumwambia. Nimeandika hapa tu.

Mchana nikajifungia stoo, kati ya madebe ya rangi nyeupe, nikachora jedwali. Nimewahoji watu kumi na mmoja. Asubuhi watu wanakimbilia kazini. Mchana wana njaa, na mwenye njaa hanunui meza ya kujipambia. Jioni wako barabarani. Ijumaa wanazo hela lakini wako mbioni kuzimaliza. Jumamosi wanafua. Jumapili wako ukweni. Imebaki Alhamisi, saa mbili usiku. Mtu ameshiba, amekaa, amechoka kiasi cha kutobishana na bei. Hapo ndipo mnada ufungwe.

Jaribio la kwanza nafanya na mali yangu, nisije nikalaumiwa: saa yangu ya mkononi. Bei ya kuanzia ni mikate miwili. (Bei nitaziandika kwa mikate. Hela hubadilika thamani, mkate ni mkate.)

Mke wangu, aliyekuwa akishona shati la watu, akauliza nikishauza saa nitajuaje saa. Nikamwonyesha simu. Akaitazama ilivyofungwa kwa mpira ili betri isidondoke, akarudi kwenye cherehani. Ni kweli simu hii ikizimika husahau saa, inabidi niiwekee kwa mkono. Lakini nimeiwekea kutoka kwenye saa yangu, na saa yangu imetoka kwenye saa ya Baba. Mnyororo mzima hauna doa.

Alhamisi, 7 Machi

Siku ya kufunga mnada. Nilikula mapema. Nikanawa. Nikakaa kwenye kiti chenye mgongo. Simu iliposema saa mbili kasoro dakika tano, nikafungua ukurasa nione wanavyogombana.

Mnada umefungwa!

Dakika tano kabla! Nimewaandikia wenye tovuti malalamiko ya kurasa mbili. Kiwanda, basi, sasa na tovuti. Dunia nzima inakimbia.

Mtu mmoja tu aliweka dau. Mikate miwili, bei ile ile ya kuanzia. Mnunuzi anajiita Baridi Tele. Nikachunguza sababu. Usiku huu, saa ile ile, vitu mia nne na kumi na saba vilikuwa vinafungwa pamoja. Saa za mkononi peke yake sitini na tatu! Kumbe kila mjanja ana jedwali, na majedwali yote yanasema Alhamisi saa mbili.

Halafu Shemeji akapiga simu, eti kunijulia hali. Ameuza mlango wa jokofu. Mlango tu, jokofu lenyewe halipo. Aliupandisha akiwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa, na mnada ukaisha Jumanne asubuhi. Watu tisa wamegombana! Aliyeshinda anautaka kwa banda la kuku. Nikamuuliza kwa nini Jumanne asubuhi. Akasema ndipo kiti cha kinyozi kilipokuwa wazi.

Mke wangu alicheka hadi akajichoma na sindano. Nilimwambia ni vizuri.

Jumapili, 10 Machi

Nimegundua Baridi Tele ni nani. Shemeji! Aliingia kwa Mama na saa yangu mkononi, ameikunjia mkono wa shati makusudi ionekane.

Halafu bila haya akalalamika. Akasema saa yangu inachelewa dakika kumi na mbili, imemfanya akose mteja. Nikamwambia hajui kuivaa. Akasema saa ni ya kuvaliwa tu, ina elimu gani. Akauliza mwisho wa mwezi nitapandisha kabati au nalo nitamuuzia kwa mikate miwili. Dada akamwambia aache. Aliacha, lakini akawa anaangalia saa kila baada ya dakika moja.

Walipoondoka nilibaki niipige picha saa ya Baba. Nikapanda kiti, nikafungua kile kimlango cha kioo. Ndani, upande wa kushoto, kuna alama ya dole gumba, nyeusi. Nilikuwa nimeisahau.

Baba alikuwa mpanga herufi kwenye kiwanda cha uchapaji. Wino haukumtoka. Mama alimsugua kwa limau, kwa majivu, kwa mafuta ya taa, na bado tulimjua kwa vidole. Jumamosi jioni alivua viatu, akapanda kiti hiki hiki, akachukua ufunguo kwenye kikombe cha bati juu ya kabati, akazungusha mara kumi na nne. Tulihesabu kwa sauti. Kitinda mimba aliruka tisa kila mara. Baba naye alisimama kwenye nane, akamsubiri arudi.

Nilikaa juu ya kiti kile mpaka Mama akauliza kama nimepatwa na kizunguzungu.

Basi naandika ukweli, kwa kuwa kitabu hiki hakisomwi na mtu. Siitaki iuzwe. Naitaka. Lakini nitasemaje? Nilipiga meza mara mbili!

Hapo akili ikafanya kazi. Kitakachokosa mnunuzi nakibeba mwenyewe. Ni neno la Dada, kuna mashahidi. Kama kuna saa bora ya kufunga mnada, basi ipo na saa mbovu kuliko zote. Nimerudi kwenye jedwali, nikalisoma kutoka chini kwenda juu. Jumatano, saa nne na nusu asubuhi. Watu wako kazini, mabosi macho, chai imeshanyweka, chakula bado. Hakuna binadamu atakayenunua saa ya ukutani Jumatano saa nne na nusu.

Nikapandisha. Siku tatu tu, wasiione. Na maelezo nimeyaandika ya kumfukuza mnunuzi. Nimeandika kwamba hukohoa kabla ya kugonga, kama mzee anayetaka kuingia chumbani. Kwamba kimlango hakifungi mpaka ukibembeleze kwa kiganja. Kwamba ndani kuna alama ya dole gumba la mpanga herufi, haifutiki, asijaribu. Kwamba hupungua nguvu kidogo ifikapo Ijumaa, kama mtu yeyote. Kasoro kumi na moja nimezitaja. Bei ya kuanzia ni mikate arobaini, ya kuwatia woga.

Basi lilishaondoka.

Jumatatu, 11 Machi

Dau: hakuna. Furaha!

Meneja amenipa onyo la maandishi. Nimelipokea kwa tabasamu, akashtuka.

Jioni, bado hakuna. Ila mtu mmoja amenitumia swali kwenye ukurasa wa mnada. Anajiita Mtoto wa Mwisho. Anauliza kama bado inagonga moja zaidi ikifika saa sita mchana. Swali la ajabu. Ni kweli, hugonga kumi na tatu, lakini hiyo ni kasoro ya kumi na mbili na sikuiandika. Huyu ni mfanyabiashara wa vitu vya kale, tena hatari, anaijua hadi aina. Nikamjibu kwa ukali kwamba inagonga kumi na tatu na inakera. Akajibu: "Asante sana ndugu yangu." Wafanyabiashara hawa wana ulimi laini.

Nimeshachagua mahali pa kuitundika kwetu. Mke wangu akauliza kwa nini natembea na nyundo.

Jumanne, 12 Machi

Msiba.

Asubuhi, Mtoto wa Mwisho, mikate arobaini. Saa tatu, mtu wa pili, mikate hamsini. Nikasoma jina. Baridi Tele!

Shemeji! Huyu aliyeuza mlango bila jokofu! Nimeona yote kama sinema. Ataifungua juu ya meza yake ya ufundi. Mishale atauza peke yake, kioo peke yake, ufunguo peke yake. Kimlango chenye dole gumba la Baba kitaishia kwenye banda la kuku.

Mchana, sitini. Sitini na tano. Themanini! Watu wengine saba nisiowajua nao wameingia. Mmoja ameandika kwamba maelezo ya dole gumba yamemliza ofisini. Nilitafuta chanzo cha balaa hili, nikakiona. Jumatano saa nne na nusu, tovuti nzima, kitu kinachofungwa ni kimoja tu. Changu. Kila aliyekaa ofisini akijifanya anafanya kazi ana kitu kimoja tu cha kuangalia.

Mwenye kuuza haruhusiwi kuweka dau kwenye kitu chake. Lakini mke wangu anaruhusiwa. Nilimwomba nitumie jina lake. Akauliza kama nataka kununua kwa jina lake saa ya mama yangu, inayouzwa na mimi, ili nisiiuze. Nikasema ndiyo, ameelewa vizuri. Akauliza mbona nisimwambie Mama tu kwamba naitaka. Nikamkumbusha kuhusu hotuba. Akaniandikia neno lake la siri kwenye kipande cha kitambaa. Mwanamke mwema. Haelewi siasa za familia.

Mpango ni huu. Nitaweka dau moja, kubwa, kwenye dakika ya mwisho kabisa, Shemeji akose pumzi ya kujibu. Mikate mia mbili. Ni akiba yangu yote ya simu mpya.

Nimemwomba Meneja ruhusa ya kesho asubuhi, nikamsaidie Mama kufunga mizigo. Akaniruhusu. Akasema angalau kesho ana hakika sitachelewa.

Jumatano, 13 Machi

Kwa Mama tangu saa mbili. Simu ilikuwa imezimika usiku. Nikaiwekea saa mpya pale pale, chini ya saa ya Baba: nikatazama, nikatoa kumi na mbili. Kisha nikazima kioo chake kutunza betri. Saa ya Baba itanisimamia mpaka ifike.

Mama alikaa kwenye mkeka akichambua maharage. Mimi nilifunga vikombe kwa magazeti. Kila kikombe kilikuwa na mtu wake. Cha Dada chenye ufa, cha kitinda mimba kisicho na mkono, cha Baba kikubwa ambacho hakuna aliyekinywea tangu afariki. Mama akasema hicho nisikifunge, kitabebwa mkononi.

Nikamwambia nakumbuka asubuhi za shule. Baba akisimama mlangoni, suruali imepigwa pasi, akiita "Saa! Saa!" kama anayeuza saa. Nasi tukijua bado tuna dakika kumi na mbili lakini tukikimbia vile vile, kwa kuwa sauti yake haikutoa hata dakika moja. Mama akacheka. Akasema yeye alikuwa akizitumia dakika hizo kunywa chai ya moto bila mtu wa kumwita. Ndizo zilikuwa zake peke yake kwa siku nzima.

Saa ikakohoa, ikagonga nusu. Saa nne na nusu ya ukutani. Yaani nne na dakika kumi na nane za kweli. Sikubabaika. Nikafunga sufuria mbili na kifuniko cha tatu.

Mama akauliza mbona leo natazama ukuta kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Nikasema nahakikisha haijasimama.

Saa nne na arobaini ya ukutani nikawasha kioo cha simu. Arobaini na moja, yaani ishirini na tisa za kweli. Jina la mke wangu. Neno la siri. Mikate mia mbili. Nikabonyeza.

Mnada umefungwa.

Umefungwa! Dakika kumi na moja zilizopita! Mshindi ni Baridi Tele, kwa mikate mia moja na arobaini. Nilikuwa nampita kwa mikate sitini! Wezi wa dakika! Niliketi juu ya sufuria. Mama akasema nilikuwa na macho mekundu hivyo hivyo siku nilipofeli hesabu, na akaniwekea maji.

Jumamosi, 16 Machi

Mama amehama leo, mapema kuliko tulivyopanga, kwa kuwa Shemeji amepata gari la kuazima. Mimi nilikaa mbele na saa ya Baba mapajani, nimeifunga kwa blanketi. Sheria ya mnada ni kwamba muuzaji anakabidhi mwenyewe. Kila gari lilipodunda ilikohoa. Nyuma yetu ukutani tumeacha alama yake, mstatili mweupe wenye msumari katikati. Sikutaka kugeuka. Niligeuka.

Nilikuwa nimeandaa maneno makali ya kumwambia Shemeji. Aliichukua kwangu kwa mikono miwili, akaingia chumba cha Mama. Msumari ulikuwa umeshagongwa. Chini kuliko kawaida. Nikadhani amekosea. Kumbe ameupima kwa mkono wa Mama, ili awe anatia ufunguo bila kupanda kiti. Kimlango hakikufunga. Akakibembeleza kwa kiganja, kama nilivyoandika kwenye maelezo. Akasema alikuwa hapo sebuleni jioni aliyokuja kumposa Dada, na saa ikakohoa wakati amekwama kwenye maneno. Baba akasema, "Hata saa inakuhimiza, kijana." Hakuweza kuiacha iende kwa watu.

Maneno yangu makali niliyakunja pamoja na blanketi.

Kitinda mimba akapiga simu. Ana hasira. Alikuwa anaongoza mnada hadi alipoingia kona ya mlimani mtandao ukakatika, na anataka kumjua huyo Baridi Tele. Mtoto wa Mwisho ni yeye! Yule mfanyabiashara hatari! Nikasema kama angejitambulisha tungeokoa hela. Akasema kama muuzaji hangekuwa na ukali wa askari, angejitambulisha. Mke wangu naye, bila kuulizwa, akatoboa kwamba hata mimi nilikuwa na mikate mia mbili mkononi.

Mama alitutazama mmoja mmoja. Akauliza, yaani watoto watatu mmegombania mtandaoni kitu ambacho angempa yeyote bure, kama angeombwa kwa mdomo? Dada akasema mimi ndiye niliyepiga meza. Wote wakakubali kwamba ni mimi niliyepiga meza.

Nikajitetea. Nikasema ningeshinda kama tovuti isingefunga mapema. Nikaeleza hesabu: ukutani arobaini na moja, toa kumi na mbili, ishirini na tisa. Shemeji akanyanyua mkono wenye saa yangu, akaitazama, akaitazama ya ukutani. Kisha akamtazama Mama.

Mama akaacha kukunja pazia. Akauliza, unatoa nini?

Nikasema zile za Baba.

Akasema Baba alizirudisha mwenyewe. Siku kitinda mimba alipomaliza mtihani wa mwisho wa shule. Aliingia jioni, akavua viatu, akapanda kiti, akarudisha mshale nyuma. Akasema kazi yake imekwisha, sasa kila mtu atembee kwa saa yake. Dada alikuwepo. Kitinda mimba alikuwepo. Mimi nilikuwa nimeshapanga chumba mjini.

Miaka ishirini na nne.

Nikamfikiria Meneja. Dereva wa basi. Barua mbili. Nikamgeukia mke wangu. Akasema amejua tangu wiki ya kwanza ya ndoa. Ndiyo maana kila harusi na kila msiba huniambia saa ya nusu saa kabla. Nikamuuliza mbona hakuwahi kusema. Akasema alidhani najua. Alidhani ndiyo namna yangu ya kumkumbuka mzee.

Hapo nikaenda kutazama dirisha la mashariki. Ni dirisha zuri.

Mama akanipa ufunguo, akasema leo ni Jumamosi. Nikazungusha. Walihesabu wote, hadi Shemeji. Kwenye simu, juu ya mngurumo wa lori, kitinda mimba akaruka tisa. Nikasimama kwenye nane, nikamsubiri.

Jumapili, 17 Machi

Siku tulivu. Chai kwa Dada, kwenye chumba cha Mama. Mama alinywea kikombe kikubwa cha Baba. Saa inasikika vizuri zaidi hapa, chumba ni kidogo. Dirishani jua, ukutani Baba.

Shemeji amenirudishia saa yangu ya mkononi. Amesema imemchosha. Hakutaka hata mikate yake miwili. Anaweza kuwa mtu mzuri, akiwa amekaa.

Nimeshapanga kabati la vyombo. Jedwali jipya! Kosa la mwanzo nimelijua: Alhamisi kuna msongamano, Jumatano asubuhi kuna upweke mno. Ukweli uko katikati. Nimepiga hesabu, katikati ya Jumatano asubuhi na Alhamisi usiku inaangukia Alhamisi alfajiri. Nitapandisha leo, lifungwe Alhamisi saa tisa na robo alfajiri. Mke wangu aliuliza nani atakuwa macho. Nikamwambia hapo ndipo siri ilipo.

Jioni nikaaga. Nikasimama mbele ya saa ya Baba na saa yangu mkononi, tayari kuirekebisha. Mama, Dada na Shemeji wakawa wananitazama. Ukutani saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Nikajua kila kitu wanachotaka kusema. Nilikuwepo jana, nilisikia.

Mkononi nikaweka saa kumi na moja na dakika arobaini na tatu. Ndivyo inavyofanywa.

Nikatembea taratibu hadi kituoni, nina muda wa kutosha.

Basi limeondoka! Mbele ya macho yangu kabisa! Leo usiku naandika barua ya tatu.